Shungi Hapiti Mferejini

Kilwa Masoko
3 Juni 2025

Shoga yangu Nishrin,

Assalaam aleikum. Furushi lako limefika salama. Martina, yule jirani yangu wa mandazi, alilipokea kwa kondakta pale Nangurukuru akaniletea hadi chumbani. Wifi yangu Nasma alimpekua mlangoni utadhani askari wa forodha. Alipoona ni sidii kuukuu na kile kikadi cha kuhifadhia gemu, akasema, ah, michezo ya kitoto, akamwachia apite. Barua hakuiona. Umefanya vizuri kuikunja ndani ya kasha la sidii, na mimi nitakujibu kwa njia hiyohiyo.

Umeuliza mbona simu yangu haipatikani. Haipatikani kwa kuwa imo kabatini kwa Nasma. Eti mjane aliye edani hatakiwi kusikia sauti ya mwanamume asiye maharimu wake, na simu inapitisha sauti. Nikamuuliza, na redio je? Kesho yake redio nayo ikaondoka. Nishrin, eda mimi naikaa. Ramadhani alikuwa mume wangu, nilimpenda na bado namlilia, na siku zake nitamkalia kama dini inavyotaka, bila uturi, bila hina, bila kulala nje ya nyumba yake. Lakini hizi nyongeza zao sijui wamezitoa kitabu gani.

Na ningezivumilia kama zingeishia hapo. Shemeji yangu Mfaume, arobaini ilipokwisha tu, alilifunga banda langu la gemu. Amesema ni heshima kwa marehemu ndugu yake, na funguo akazitia mfukoni. Wewe unalijua banda lile lilivyoanza: kibarazani kwa baba yangu kule Kivinje, mashine moja na televisheni yenye mgongo kama kobe, kabla sijamjua Ramadhani wala ukoo wake. Ramadhani alikuwa fundi friji, Mungu amrehemu, na pedi ya gemu hakuwahi kuishika isipokuwa kuipangusa vumbi. Banda lile likinitoka, shoga, sina pa kushika. Nitapelekwa Kinjumbi kwa kaka yangu, nikae jikoni kwa mkewe nimenye mihogo mpaka nizeeke.

Mashine moja wameniachia chumbani, ile ya zamani kabisa, kwa sababu hakuna anayeitaka. Na ndiyo pekee inayokubali kucheza Shungi. Nimeiwasha jana baada ya adhuhuri. Ulipoanza ule muziki wa mwanzo nilijikuta nimerudi chumba cha nyuma cha duka la baba yako, mzee Sultanali, wewe na mimi tumekaa mkekani tunagombea zamu, na kaka yako Quresh pedi haitoki mkononi mwake. Gemu lina jina refu la Kiingereza ambalo hatukuliweza hata siku moja, tukamwita msichana wa watu Shungi kwa lile joho lake la kujifunika kichwa. Uso wake, masikini, ni sanduku lenye macho. Kazi yake ni ileile, kuingia nyumba kubwa iliyojaa walinzi bila kuonekana. Nimempitisha mferejini kama tulivyozoea, akakwama kwenye ngazi palepale anapokwama siku zote. Kadi naituma, nikwamulie. Wewe ndiye ulikuwa mjuzi wa ngazi ile.

Na niambie sehemu ya pili na ya tatu zikoje. Mimi sikuzigusa, watoto wa bandani kwangu hawataki kitu ila mpira.

Wako,
Sada


Lindi
11 Juni 2025

Sada mwenzangu,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma nimesimama kaunta, mteja ananiuliza bei ya pasi, mimi namtazama kama yeye ndiye aliyechukua redio yako. Muulize wifi yako na jogoo vipi. Naye ni dume, na anapiga kelele mbele ya mjane kila alfajiri.

Ngazi nimekukwamulia. Umesahau, ile haipandwi kwa mbele. Unageuka unaruka kinyumenyume. Nilipofika juu nilicheka peke yangu hadi mume wangu akaja kuchungulia. Walinzi wa gemu lile ni mabwege, Sada, tulikuwa hatuoni tu. Mtu anakuona, anapiga kelele, wewe unajibanza nyuma ya pipa, naye anajisemea labda ni panya, basi yamekwisha.

Umeuliza za baadaye. Sehemu ya pili nilikuwa naipenda, sikufichi. Wamempa Shungi bunduki. Mlinzi akikuudhi unammaliza, unapumua, unaendelea na safari. Ukitoka dukani kutwa nzima unaambiwa dada punguza, dada punguza, raha yake huwezi kuijua. Ila inaanza vibaya. Ukiweka kadi yako ya sehemu ya kwanza inaisoma, inakusalimu kwa jina, halafu inakufungulia Shungi yuko mferejini tena, matope magotini, kama kwamba ile ya kwanza hatukuimaliza. Hakuna aliyeeleza kwa nini.

Ya tatu nacheza kwenye mashine ya mwanangu. Hiyo macho yanashiba. Maji yanang'aa, joho linapepea, na Shungi sasa ana uso wa mtu, mzuri ajabu. Kuna mshale wa manjano unaokuonyesha pa kwenda, ukipotea unakuja kukuchukua. Ukiongea na watu wanakupa majibu mawili uchague, lakini ukijibu hili au lile, mlango ni uleule. Mwanangu anasema ndiyo kisasa. Mimi mwenzio nachoka, mshale naupenda.

Sasa nisikilize. Mambo ya Mfaume yaendee kishungi, kwa kunyata. Banda lina mlango wa uani, nao hauna kufuli la maana. Martina anaingia na kutoka na ndoo zake za unga, hakuna anayemwangalia. Atoe mashine moja leo, nyingine keshokutwa. Mfaume akija kufungua atakuta meza tupu. Mimi nitazipokea huku Lindi, eda ikiisha tutafungua mahali pengine. Usibishane nao. Uko ndani na wao ni wengi.

Nakukumbatia,
Nishrin


Kilwa Masoko
20 Juni 2025

Nishrin,

Nimekusoma, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nimekasirika nawe. Unataka niibe vitu vyangu? Nimtume Martina, mwanamke mzima mwenye wajukuu, anyemelee uani kwangu na mashine ndani ya ndoo, ili siku akikamatwa waseme Sada na mwenzake ni wezi wa mali ya marehemu? Mfaume anaomba usiku na mchana nifanye hivyo. Sifanyi.

Na bunduki yako pia usinipe. Nimefikiria sana kwa nini unaipenda ile ya pili, nikaona ni kwamba imekuondolea kazi ya kufikiri, na ya tatu imekuondolea hata kazi ya kupotea. Katika ya kwanza hakuna anayekuonyesha kitu. Unasimama njia panda na uso wako wa sanduku, kosa likitokea ni lako na ukifanikiwa ni wewe. Ubaya wake naujua. Ngazi mbovu, walinzi wapumbavu, na bahari yake ina rangi ya chai ya juzi. Lakini inakuheshimu.

Nikuambie nilichofanya. Nimeanza upya, toka mwanzo kabisa, na safari hii nasoma maneno. Unakumbuka Quresh alivyokuwa? Mtu akifungua mdomo tu ndani ya gemu, yeye anabonyeza kitufe cha eksi, eksi, eksi, maneno yanapita hakuna aliyeyaona, kisha anatuambia, haya, twendeni mferejini. Nasi tulimwamini kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na duka ni la baba yake. Sasa mimi nina mchana mrefu na Kiingereza cha kuungaunga cha kidato cha nne. Neno nisilolijua naliandika, Martina anampelekea mwalimu Modesti wa shule ya msingi, na majibu yanarudi na mandazi.

Unazikumbuka zile alama anazopewa Shungi akimaliza kazi, za kujifunza jambo? Kuna kunyata, kuna kufungua kufuli, na kuna ya tatu yenye picha ya mdomo ambayo hatukuigusa kamwe. Ile ni Ulimi. Alama zangu zote nimezitia huko. Matokeo yake Shungi wangu hajui kunyata, akikanyaga tu mtaa mzima unageuka. Wanamfukuza kila pahali. Sijali, nataka nione. Kadi naituma, uone mwenyewe.

Jambo jingine. Martina kasikia stendi kwamba Mfaume amepata mnunuzi wa mashine zangu, mtu wa Lindi anayetaka kufungua banda pale njia panda ya Mingoyo. Mtu mwenye duka, wanasema. Lindi si kubwa, Nishrin. Niulizie ni nani.

Sada


Kilwa Masoko
27 Juni 2025

Kwa Shemeji Sada,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa kuwa si vyema mwanamume kusimama mlangoni kwa mjane aliye edani, na mimi mipaka ya dini naichunga.

Ndugu tumeonelea vifaa alivyoviacha marehemu vipate mtu wa kuvitumia kabla havijaliwa na kutu. Mnunuzi amepatikana. Kikao tutakaa palepale bandani, Jumamosi tarehe 19 Julai asubuhi, kwa kuhudhuriwa na Maalim Abdulwahab, wazee wawili wa mtaa na mnunuzi mwenyewe. Wewe usijisumbue kwa lolote. Nimekwishawaeleza kwamba umeridhia, maana najua huna kinyongo, na mwanamke aliye edani hana nafasi ya kukaa barazani kujadiliana. Haki yako ya mirathi utaipata kama ilivyoandikwa. Kaka yako wa Kinjumbi nimeshamjulisha akuandalie chumba.

Endelea kujiliwaza na michezo yako.

Nduguyo katika dini,
Mfaume


Lindi
1 Julai 2025

Sada,

Hii ni fupi, dukani kazi zimezidi.

Sehemu ya tatu nimeimaliza. Mwishoni wanampa Shungi cheo, yeye mwenyewe anakuwa mkuu wa walinzi, anasimama juu ya ukuta joho linapepea na wimbo unapigwa. Mwanangu alipiga makofi. Mimi nilizima nikaenda kupika.

Kuhusu mashine zako, fanya nilivyokuambia, mlango wa uani, na ufanye wiki hii. Usingoje. Najua umekasirika, kasirika lakini fanya. Kadi nimeirudisha bila kuigusa, sikutaka kukuharibia Ulimi wako.

Tunza afya, ule vizuri.

Nishrin


Kilwa Masoko
6 Julai 2025

Nishrin,

Nilikuuliza swali moja ukalipita. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipolijibu, sikupaona. Wewe siyo mtu wa kuruka maswali. Wewe ndiye ulimwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwamba kakosea. Kama mnunuzi unamjua na unaogopa kuniambia, basi niambie kwamba unaogopa, hilo nitalielewa. Lakini usinifunge macho halafu uniambie nikimbie.

Barua ya Mfaume naiambatanisha. Isome, usirushe hata mstari. Ona pale aliposema amewaambia nimeridhia. Mimi sijaulizwa na kiumbe yeyote. Kanywa maji kwenye mtungi wangu, kaniwekea na maneno kinywani.

Sasa nikueleze la Shungi, kwa sababu tangu juzi sina usingizi wa mchana wala wa usiku.

Nilimchosha kuzunguka mitaani akifukuzwa, nikasema basi, nimpeleke mlango wa mbele, wamkamate tumalize. Unamkumbuka yule mlinzi wa sharubu? Sisi tulikuwa tukimwona kwa mbali tu tunakimbilia mferejini, tuliambiwa hapitiki. Nikaenda hadi miguuni pake. Akamuuliza, unakwenda wapi? Na kwa kuwa Ulimi umejaa, chini yakatokea maneno ambayo sikuwahi kuyaona maishani mwangu. Nikayachagua. Shungi akasema, "Nakwenda nyumbani kwangu."

Nishrin, yule mlinzi alivua kofia. Akasema, karibu binti wa nyumba hii, tulidhani umekufa. Akafungua mlango wote, pande mbili.

Nyumba ni yake. Ni ya baba yake, na wale waliomo ndani waliingia alipokuwa msibani. Yote haya anaambiwa na mtumishi wao mzee katika dakika ya kwanza ya gemu, yameandikwa, yako palepale, na sisi tulikuwa tunayabonyezea eksi. Miaka yote ile tulimwingiza mwenye nyumba kwa mferejini kama mwizi. Tulimfundisha kunyata kwenye ua wa baba yake. Nililia, sikufichi, Nasma akaja mbio akadhani namlilia Ramadhani, na labda ni kweli nilikuwa namlilia yeye pia.

Nilipotulia nilimtuma Martina kwa Bi Nusaiba, mke wa Maalim, akaulize swali. Nasma angejua angezimia, Mkristo wa watu kwenda kuulizia masuala ya eda, lakini Martina kanyooka hadi ukumbini, kauliza na kajibiwa. Maalim amesema mjane ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake ya lazima, ilimradi alale kwake. Amesema hilo linajulikana, na akashangaa sisi tunaulizia nini.

Basi unajua nitafanya nini tarehe kumi na tisa. Ninachotaka kwako ni jina la nitakayemkuta kule.

Sada


Lindi
12 Julai 2025

Sada,

Mnunuzi ni Quresh.

Nilijua kabla ya barua yangu ile fupi. Nilimsikia akizungumza na Mfaume kwenye simu, akimwita mjomba, akimwambia lori la kwenda Mingoyo liko tayari. Niliogopa. Duka sasa ni la Quresh, mume wangu naye anauza humohumo, nyumba tunayokaa ni ya ukoo. Nikajiambia Sada akizitoa kwa nyuma hakuna atakayegombana na yeyote. Nilitaka wewe upite mferejini ili mimi nisilowe. Nimekwisha kusema, unihukumu utakavyo.

Kisha ikaja barua yako, na ya Mfaume ndani yake. Nilivaa rida yangu ya Eid, joho na kifuniko chake cha kichwa, nikaingia dukani kwa mlango wa wateja, siyo ule wa stoo. Watu walikuwa wamejaa. Nikamwambia Quresh kwamba mashine anazonunua ni za Sada wa Kivinje, yule aliyekula kwetu na kucheza kwetu, na Sada hakuridhia wala hakuulizwa. Akanivuta pembeni, nikakataa kuvutwa. Akasema shemeji mtu kamhakikishia. Nikamwekea barua kaunta. Unamjua, aliiangalia juu, akaiangalia chini, akasema haya nimesoma. Nikamwekea kidole kwenye mstari, nikamwambia, "Safari hii hubonyezi eksi. Soma neno moja moja, na usome kwa sauti."

Alisoma, Sada. Masikio yalimwiva. Mteja mmoja, mama wa Kimwera mwenye kikapu, akasema mbele ya wote kwamba hayo si sawa. Quresh akakunja barua akairudisha, akasema Jumamosi atakwenda Kilwa kama alivyoahidi, atayasikia hukohuko. Halafu akaniambia nisije dukani kesho, wala keshokutwa.

Sijui atafanya nini akifika. Kaka yangu si mbaya, ni mtu wa haraka, na mtu wa haraka humwamini yeyote anayemfupishia maneno. Mimi niko nyumbani, napika, mume wangu hasemi nami vizuri, na sijutii hata chembe.

Ile ya mlango wa uani isahau. Nenda kwa mbele. Nenda umenyoosha shingo.

Nishrin


Kilwa Masoko
19 Julai 2025, baada ya alasiri

Shemeji Sada,

Funguo hizi hapa, Nasma atakukabidhi. Zipo zote, na ule wa kufuli la uani.

Umenitia aibu mbele za watu. Lakini Maalim kasema nikuandikie kwamba nilikosea kusema umeridhia, kwa hiyo naandika. Nilikosea.

Mfaume


Kilwa Masoko
22 Julai 2025

Shoga yangu,

Tulia sasa nikusimulie, najua umekaa roho juu.

Niliamka, nikaoga, nikavaa nguo zangu nyeupe za eda na baibui kuukuu juu yake, bila hata wanja. Martina alikuja na mwavuli, akasema mjane wa watu hawezi kupigwa na jua njia nzima. Sikutoka kwa uani. Nasma alikuwa kasimama mlango wa mbele, mkono huku na mkono kule, kaziba. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

Nilimwamkia kwanza, kisha nikamwambia, "Nakwenda bandani kwangu."

Hakuvua kofia, hana, lakini mikono aliishusha. Nadhani alingoja nilie au nimtukane, nami sikumpa kimojawapo. Tulipofika njiani nikageuka nikamwona anatufuata, kandambili mkononi, mtandio begani. Mpaka leo sijui alikuja kunirudisha au kushuhudia, na sijamuuliza.

Bandani walikuwa wamekaa kwenye vile viti vya plastiki vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Maalim, wazee wawili, Mfaume na kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi, na kaka yako karibu na mlango. Mashine zangu zimewekwa chini, zimefungwa kamba. Watoto wa mtaa wamejaa dirishani, maana tangu banda lifungwe hawajaonja raha. Nikasimama kizingitini nikatoa salamu, kwa sauti. Mfaume akatazama sakafu. Alikuwa amekwama mwenyewe, unaona. Kama ataitikia, basi kumbe sauti ya mjane na mwanamume si haramu, na simu yangu kabatini inafanya nini? Asipoitikia, ameinyima salamu haki yake mbele ya Maalim. Aliyeitikia wa kwanza ni Quresh. Kisha Maalim, kisha wazee. Mfaume mdomo ulitikisika, sauti sikuisikia.

Nilisema machache. Nilisema mirathi ya Ramadhani igawiwe kama Mungu alivyoagiza, mama yake ana fungu, nduguze wana mafungu, mimi nina langu, sibishi hata punje. Friji zake, zana zake, baiskeli yake, vyote wagawe. Lakini hakuna mirathi ya aliye hai, na mwenye banda hili hajafa. Nikawaambia kwamba sikuridhia, sikuulizwa, na ningeulizwa nisingeridhia.

Mfaume akaanza kusema kwamba mke na mali yake vyote ni vya mume. Maalim akamkatiza, akamwambia hilo halimo dinini, asimwongezee Mungu maneno. Mfaume akasema basi kuna ushahidi gani, wanawake husema mengi. Hapo nikamgeukia kaka yako. Nikamuuliza, kaka Quresh, leo uliposhuka pale stendi, ulimwambia bodaboda akulete wapi?

Akanitazama. Safari hii hakuwa na haraka, nadiriki kukuapia. Akasema, "Nilimwambia anilete kwa Sada." Kisha akasimama, akakung'uta kanzu, akawaambia wazee kwamba yeye hununua kwa mwenye mali, na mwenye mali amesema haziuzwi. Akainama akafungua kamba za mashine iliyokuwa karibu naye kwa mikono yake. Watoto dirishani wakapiga yowe, Martina akawatimua na mwavuli.

Nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, kwa njia ileile na mlango uleule. Nimelala kwangu na nitalala kwangu hadi eda yangu iishe, kwa sababu ni ya Ramadhani na mimi ndiye ninayemkalia, siyo Nasma anayenikalisha. Simu nimerudishiwa. Redio pia. Banda linafunguliwa na Martina kila baada ya shule, anawauzia mandazi humohumo, na amepiga marufuku matusi, kazi ambayo mimi sikuiweza miaka yote.

Quresh alinipa ujumbe nikufikishie kabla ya kupanda gari. Amesema duka linakungoja, na pasi zimepangwa ovyo tangu ulipoondoka. Mimi nakushauri usirudi kwa ujumbe. Akuombe mwenyewe, uso kwa uso, na uingie kwa mlango wa wateja.

Ungeweza kunipigia sasa, lakini nakuomba tuendelee kuandikiana. Kwenye simu na mimi najijua, ningelirusha neno moja hapa na jingine pale.

Kadi hii hapa. Nilimaliza gemu jana, lakini wakati wa kuhifadhi sikutaka ile picha ya mwisho na majina ya waliolitengeneza. Nilirudi nyuma kidogo. Nimemhifadhi Shungi ameketi sebuleni kwa baba yake, kafunua kichwa, mlango wa mbele uko wazi na mlinzi wa sharubu amempa mgongo. Sehemu ya pili itaisoma kadi hii, kama ulivyosema, itamsalimu kwa jina, na itamrudisha mferejini bila kueleza kwa nini.

Usiiweke humo.

Sada
Mwenye banda, Kilwa Masoko